Ufukwe wa Matema: tuachiwe kipande cha wazi mapema, kabla uzio haujafika majini

Mleta uzi

Wakuu salaam. Naleta hili hapa kwa sababu humu kuna watu wa Kyela, Tukuyu, Mbeya mjini, Makete mpaka Iringa, na kila ikikaribia sikukuu naona mtu anauliza twende wapi na familia, majibu yanakimbilia Zanzibar, Bagamoyo, Kigamboni, basi. Jamani sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna mwambao wetu. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika baada ya Victoria na Tanganyika, kina chake kinafika kama mita 700, na ncha yake ya kaskazini kabisa iko kwetu, wilaya ya Kyela. Pale kwenye kona ya kaskazini mashariki, milima ya Livingstone inaposhuka mpaka majini, ndipo ilipo Matema.

Asiyefika nimweleze. Unasimama kwenye mchanga umelitazama ziwa, kushoto kwako kuna mlima umesimama wima, sio kilima, mlima kabisa, unaanzia usawa wa ziwa ambao ni mita mia nne na kitu juu ya bahari na kule juu mgongo wake unapita mita 2,000. Kulia kwako ni bonde la Kyela, tambarare, mpunga, migomba, michikichi na kakao. Mbele ni maji tu, ng'ambo huioni vizuri labda siku hewa ikiwa safi baada ya mvua. Maji matamu, ukitoka kuoga huna chumvi mwilini, mtoto akimeza funda halii. Asubuhi mitumbwi ya magogo inarudi na dagaa, akina mama wanakuja na mabeseni, bei inapangwa hapohapo mchangani huku wavuvi wanakung'uta nyavu na kunguru wamejipanga wanasubiri.

Sasa kilichonifanya niandike. Mara ya mwisho tumeenda na watoto na ndugu waliotoka Iringa, tukafika sehemu ambayo miaka yote tulikuwa tunapita kushuka majini, tukakuta kamba imefungwa na kijana amekaa kwenye kiti anasema hapa ni kwa wageni wanaolala humu tu, lipieni au mzunguke. Sitaji ni wapi maana sio lengo la uzi. Tukazunguka, kwa mbele tukakuta nguzo zimechimbiwa mpaka karibu na maji, tukazunguka tena, mwisho tukaoga pale mitumbwi inapotua katikati ya nyavu na akina mama wanaoosha vyombo. Watoto walifurahi tu, watoto hawana shida. Ila mimi nikawa nawaza, miaka kumi ijayo hawa wakija na watoto wao watashukia wapi majini?

Hoja yangu ni moja tu. Wawekezaji waje, wajenge, wapate, vijana wetu wapate kazi. Lakini kiachwe kipande kimoja cha ufukwe kiwe cha watu wote, kiandikwe kabisa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kiwe na miti ya kivuli, vyoo vinavyofanya kazi, njia ya kushukia majini na kibao kinachosema wapi pa kuoga na wapi hapafai. Bustani ya umma, ila yenye ziwa. Dar wana Coco Beach, mtu wa Manzese na mtu wa Masaki wote wanakaa mchanga mmoja wanakula mihogo. Sisi kwa nini tushindwe wakati ufukwe bado upo?

Karibuni tujadili, na wenyeji wa Matema naomba msikae kimya.

Kijana wa Uyole

Mkuu umenigusa. Mimi nimezaliwa hapa Uyole na Matema naijua kwa picha za simu tu. Naomba njia, kwa usafiri wa umma, mimi sina gari.

Mleta uzi

Rahisi sana mkuu. Panda kosta za Kyela pale Nanenane, toka alfajiri. Mtapanda mpaka Isyonje mtasikia baridi ya kweli, halafu mnashuka Kiwira, Tukuyu, mashamba ya chai, migomba, parachichi, na kadiri mnavyoshuka mnavua masweta, ukifika Kyela jasho linakutoka. Kyela unachukua gari la Ipinda na Matema. Zamani hapo ndipo palikuwa na kazi, masika watu walikuwa wanashuka kusukuma gari kwenye tope, siku hizi lami imefika mpaka Matema kwa hiyo hata kigari kidogo kinakwenda. Ila wahi, jioni magari yanapungua halafu unabaki na bodaboda na bei yake.

Mwenye usafiri wake kama hana haraka akifika Tukuyu aulize njia ya Masoko inayotokea Ipinda. Ni ya vumbi sehemu kubwa lakini unapita Ziwa Masoko, lile la shimo la volkano ambalo wenyeji wengine wanaliita Kisiba. Wajerumani walikuwa na kituo chao pale juu na wazee wana hadithi kwamba wakati wa vita ya kwanza ya dunia walitupa hela zao humo majini. Maji yametulia, kijani, umezungukwa na miti. Unapumzika, unakula, unaendelea.

Mama wa Tukuyu

Kaka asante kwa uzi. Mimi swali langu ni la mzazi. Nasikia Nyasa ina mamba, ina kichocho, na mawimbi yanaua watu. Watoto wangu ni wadogo. Nisije nikaenda kutafuta raha nikarudi na msiba.

Mtu wa Ziwani (Matema)

Mama usiogope ila uliza wenyeji kabla ya kuingia, na mimi ni mwenyeji naomba nijibu.

Mamba na viboko wapo, hatufichi. Hao wanapenda midomo ya mito, kwa hapa kwetu ni mto Lufilyo unapoingilia ziwani upande wa magharibi. Ukienda kule na mtumbwi kuwaangalia kwa mbali pamoja na ndege ni matembezi mazuri sana, lakini mtu haogi kule wala haoshi miguu. Mvua zikiwa kubwa mto unafurika, maji yanakuwa mekundu, matete yanakatika yanaelea, siku hizo hata huku ufukweni tunakuwa waangalifu.

Kichocho kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani na maji yaliyotuama. Kwa hiyo oga penye mchanga mtupu na mawimbi yanayopiga, kimbia penye matete na vidimbwi. Ukitoka jifute hapohapo kwa taulo usisubiri jua likukaushe. Na ukirudi nyumbani baada ya wiki sita mpaka nane nenda kapime, dawa ipo, prazikwanteli, unapewa kulingana na uzito. Hata sisi tunaokaa hapa tunapima.

Mawimbi sasa. Kuna upepo tunauita mwera, unatoka kusini, unavuma sana miezi ile ya baridi kuanzia kama mwezi wa tano mpaka wa nane. Ziwa hili ni refu, ni zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini mpaka hapa kwetu, kwa hiyo upepo ukitoka kule una nafasi ya kutosha ya kuinua maji, na yote yanakuja kumalizikia kwetu. Siku ya mwera mvuvi mwenyewe haingii, wewe mgeni unaingia kufanya nini? Asubuhi mara nyingi ndio pametulia, mchana yanaanza. Na kitu kingine watu hawakijui: huku kwenye mchanga kina kinaongezeka taratibu, lakini upande wa mlimani, kwenye miamba, unapiga hatua chache tu miguu haigusi tena chini. Huo mlima unaouona juu unaendelea hivyohivyo ndani ya maji, hili ni Bonde la Ufa, ardhi ilikatika. Watoto waoge kwenye mchanga na mtu mzima awe majini pamoja nao, asikae pembeni na simu.

Mama wa Tukuyu

Ndaga fijo, asante sana kaka. Hayo yote ndiyo yangetakiwa kuwa kwenye kibao alichosema mleta uzi. Mgeni akifika nani anamwambia?

Mtu wa Ziwani (Matema)

Hakuna. Anaambiwa akibahatika kukutana na mtu mwenye moyo.

Mwenye vibanda

Wakuu naomba mnisikilize na mimi. Nina vyumba vichache vya wageni kwenye mwambao huu, nimekopa kujenga. Mnasema ufukwe wa watu wote, sawa, nani atasafisha? Sikukuu ya Pasaka na Krismasi watu wanakuja na malori, wanapiga muziki, wanakula, wanaondoka, Jumatatu mimi na wafanyakazi wangu tunaokota chupa za plastiki, pampasi, mifupa, na chupa za bia zilizopasuka ambazo mtoto akikanyaga anapasuka mguu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 ikapungua kweli, lakini chupa za maji ndio usiseme. Vyoo hakuna, mnajua wanajisaidia wapi. Ndiyo maana watu wanaweka kamba. Sio roho mbaya.

Mleta uzi

Mkuu nakushukuru umeongea kwa uwazi, na hiyo ya taka na vyoo uko sahihi kabisa, hata mimi nimeiona. Lakini angalia, hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutenga sehemu. Watu watakuja tu, lami imefika, huwezi kuwazuia. Kama hawana pa kwenda wataingia popote, mbele ya vibanda vyako, mashambani kwa watu, makaburini. Wakiwa na sehemu yao yenye choo na pipa na mtu wa kusimamia, wewe mgeni wako analala kwa amani. Hata kiingilio kidogo cha kuendesha vyoo sina tatizo nacho, mradi kiwe cha kijiji, kina risiti, na mtoto wa hapa anayetoka shule kwenda kuoga asilipe.

Kuhusu uzio mpaka majini, hapo hatuwezi kukubaliana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa, bahari au mto. Na hiyo sio sheria ya kukomoana. Ziwa hili linapanda na kushuka. Mito mingi inaingiza maji lakini unaotoa ni mmoja tu, Shire, kule mwisho wa kusini Malawi, mengine yote yanaondoka kwa jua. Mvua zikiwa nyingi miaka inayofuatana maji hayana pa kukimbilia, yanapanda mchanga. Aliyejenga karibu ndiye wa kwanza kupoteza ukuta. Wenyeji hapa watakwambia miti iliyokuwa nchi kavu sasa iko majini.

Mtu wa Ziwani (Matema)

Kweli kabisa. Kuna mwembe nilikuwa nachezea chini yake nikiwa mdogo, sasa hivi tunafungia mitumbwi kwenye shina lake.

Mhehe wa Gangilonga

Mimi niko Iringa mjini na ninaunga mkono. Sisi hapa tuna jiwe la Gangilonga, jioni mtu anatoka kazini anapanda, anaukuta mji wote uko chini yake, vijana wanasoma, wachumba wanaongea, wazee wananyoosha miguu. Huhitaji kuwa na chochote zaidi ya miguu. Mji usio na sehemu kama hiyo watu wake wanajifungia baa. Mbeya mjini nyie mna mlima Loleza juu ya vichwa vyenu na wengi hamjawahi kuupanda. Ziwa ni zaidi ya hapo, mtu wa huku ndani ambaye hajawahi kuona maji yasiyo na mwisho akiona mara ya kwanza hawezi kusahau, nimewaona wanafunzi wakishuka kwenye basi wanakaa kimya.

Mtoto wa Makete

Nyie mnashuka kwa lami, sisi tunashuka kwa miguu. Kutoka uwanda wa Kitulo kuna njia za kushuka kuvuka milima ya Livingstone mpaka Matema. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, inasifika kwa maua, okidi za kila aina, Desemba mpaka Aprili ukienda ardhi yote ina rangi. Kule juu ni mita 2,600 hivi, asubuhi mwezi wa sita na saba kuna barafu kwenye majani, na unamalizia ufukweni kwenye joto la Kyela, yaani unashuka zaidi ya mita 2,000 kwa miguu. Kuna mahali unatoka kwenye msitu ghafla ziwa lote liko chini yako, bluu, mitumbwi inaonekana vinukta. Ila magoti yataisha, anza alfajiri, chukua kijana anayeijua njia na utaratibu wa hifadhi ufuate pale getini. Usijaribu masika, utelezi ule si mchezo.

Na mimi naongezea kwenye hoja: tukifika chini tumechoka, mizigo mgongoni, tunataka kuingia majini tu, ndipo unaambiwa hapa hapapitiki.

Kijana wa Uyole

Na hivyo vyungu ninavyoviona vinauzwa mpaka huku sokoni, ndiyo vinatoka huko?

Mtu wa Ziwani (Matema)

Ndiyo, Ikombe, kijiji cha Wakisi, kiko kwenye rasi ukifuata mwambao upande wa mlima. Unakwenda kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu kwenye miamba. Wanaofinyanga ni wanawake, mabinti wanajifunza kwa mama zao. Hawatumii gurudumu. Mama anakaa chini, donge la udongo analiweka juu ya kigae, anakizungusha kwa mkono mmoja na mwingine unavuta ukuta wa chungu kwenda juu, ukuta unakuwa mwembamba mpaka unashangaa hauanguki. Vikishakauka vinasuguliwa, vinapakwa rangi ya udongo, vinachomwa. Jumamosi vinaletwa kwa mitumbwi mpaka Lyulilo, hapa jirani na Matema, soko linakuwa ufukweni kabisa, vyungu vimepangwa mchangani na wafanyabiashara wa Mbeya wanagombania. Ukitaka cha kupikia maharage uje mapema, wachuuzi wananunua kwa mkupuo.

Huko Ikombe pia ndiko kuna miamba yenye samaki wa rangi. Ukiwa na miwani ya kuogelea huhitaji kuzamia, unaweka uso majini tu unawaona, wa bluu, wa njano wenye mistari, wanakula ukoga kwenye mawe. Ziwa Nyasa linasifika dunia nzima kwa wingi wa aina za samaki, mamia kwa mamia, na wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote. Kuna ambao mama anabeba vitoto mdomoni, akiona hatari anafungua mdomo vyote vinaingia. Wanangu wanaweza kukaa asubuhi nzima wanaangalia hicho.

Sasa muone hatari ya hilo suala la kamba. Lyulilo ufukwe ndio soko, ndio bandari ya mitumbwi, ndio barabara ya watu wa Ikombe na vijiji vya mbele ambavyo gari halifiki. Ukiziba ufukwe hujamzuia mtalii wa Mbeya peke yake, umemzuia mama mwenye vyungu hamsini anayetafuta pa kushusha.

Mleta uzi

Mkuu hapo umeiweka vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa nafikiria kuoga, kumbe ni zaidi.

Mwenye vibanda

Hilo la akina mama wa Ikombe siwezi kulipinga. Mimi mwenyewe wageni wangu nawapeleka kule. Basi tuambieni utaratibu, maana tukilalamika hapa kwenye simu hakuna kitakachobadilika. Mimi niko tayari kuchangia mapipa na kulipa kijana mmoja wa usafi siku za sikukuu kama na wenzangu watafanya hivyo.

Mtu wa Ziwani (Matema)

Utaratibu upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza kipande cha ardhi kiwe cha matumizi ya pamoja, halafu mkutano mkuu wa kijiji unapitisha. Kikishapitishwa na kuingia kwenye rejista ya ardhi ya kijiji, mwenyekiti hawezi kuamka asubuhi akamkatia mtu. Mkutano mkuu ni wa kila mwanakijiji mwenye miaka 18 na kuendelea, tatizo ukiitwa watu wako mashambani au ziwani, wanakuja wachache, mambo yanapita.

Mimi nitaandika barua kuomba ajenda iwekwe: kipande kuanzia pale soko la vyungu linapoishia kuelekea upande wa mchanga mpana, kisigawiwe, kiwe cha soko, mitumbwi na kuogea. Vyoo viwe nyuma huko juu kabisa, mbali na maji, sio kama vile vya zamani vilivyokuwa karibu na ukingo. Mwenye vibanda na wewe njoo kwenye mkutano ukayaseme hayo ya mapipa mbele za watu. Mleta uzi na wa Tukuyu nyie hamna kura huku, lakini andikeni barua kwa mtendaji mseme mnakuja mara ngapi na mnanunua nini mkija, samaki, wali, vyungu, vyumba. Wanakijiji wakisikia kwamba ufukwe wa wazi unaleta wateja sokoni kwao, hoja imepita nusu.

Mama wa Tukuyu

Barua naandika leo, na nitakuwa nayo Jumamosi nikija sokoni. Kaka wa Matema nielekeze ofisi ya mtendaji ilipo, na samaki wale wa mbasa, wazima, bei gani siku hizi?

Mtu wa Ziwani (Matema)

Ukishuka kwenye gari uliza mtu yeyote ofisi ya kijiji, watakupeleka mpaka mlangoni. Mbasa inategemea siku na ukubwa, ila ukiwahi kabla ya saa mbili asubuhi unanunua kwa mvuvi mwenyewe. Njoo na watoto, nguo za kuogea na kofia.